Vishipa Nisivyoviona

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimeandika 41 mahali ambapo sikuona kitu.

Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mvua, ambayo imeanza leo asubuhi, nitaishia kwenye mvua. Daftari hili kanishonea mume wangu, fundi cherehani, kwa karatasi zake za kukatia vielelezo vya nguo. Kasema siku hizi narudi nyumbani nimenuna kama niliyenyang'anywa kitu, na kama siwezi kumwambia yeye basi niliambie daftari. Naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa chekechea. Hilo nalo ni sehemu ya maneno yenyewe.

Mimi ni fundi wa maabara, mwaka wa kumi na tisa huu. Napokea vipande vya mwili kutoka chumba cha upasuaji, navizamisha kwenye nta, navikata vyembamba kiasi kwamba ukipumua vibaya vinapeperuka. Mwenzangu, ambaye wote tunamwita Mzee wa Rangi, anavitia rangi juu ya vioo. Kisha nakaa kwenye hadubini na kuhesabu. Jina langu kazini ni Jicho, na nimelivaa miaka yote hii kama nishani.

Kazi ya sasa ni ya Daktari. Anatafuta jinsi mishipa ya damu inavyoota ndani ya ovari na nani anaiambia ianze na iache. Wanawake ishirini na wanne wamekubali kukatwa kipande kidogo kama punje ya mtama, wakiwa tayari wako kwenye upasuaji mwingine. Kumi na wawili wana watoto na walikuja kufunga uzazi. Kumi na wawili wamepoteza mimba, tena na tena, na walikuja kutolewa uvimbe. Kila mmoja ana slaidi tano, vioo vitano vya kipande chake. Rangi ya kahawia inashika kuta za vishipa tu, na mimi nahesabu vya kahawia.

Slaidi ya leo ilikuwa ukungu wa rangi ya chai. Nikafuta lenzi. Nikafuta kioo. Nikajua kwa namba kwamba huyu ni wa kundi la waliopoteza, na kundi hilo huwa na vichache, arobaini na kitu. Nikaandika 41.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Slaidi sita. Tatu nimeziona.

Ijumaa, 13 Machi

Daktari aliingia akanikuta nimesogeza uso mpaka karibu nimeze hadubini. Akauliza, "Kuna nini, Jicho?"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa wa kusema. Badala yake mdomo wangu ukatamka, "Rangi imepauka. Sijui Mzee siku hizi anaichanganyaje."

Mzee wa Rangi alikuwa nyuma yake, ameshika chupa. Huyu ni mtu ambaye ana utani na kila kiumbe, hata friji ya maabara anaisalimia. Hakutania. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaigeuza, akasema taratibu, "Imepauka? Labda unyevu." Kisha akaimwaga yote kwenye sinki, chupa nzima aliyoiandaa juzi, akaanza upya.

Nilimsikia akipima maji na kuhesabu kwa sauti ya chini kama mwanafunzi aliyefeli.

Jumanne, 17 Machi

Rangi mpya. Haijapauka. Haikuwa imepauka. Sioni.

Ijumaa, 20 Machi

Daktari ameniita ofisini kwake, chumba chenye ndoo katikati kwa sababu dari linavuja. Alikuwa na furaha ya kuambukiza. Ni mwanamke mfupi, mkali, asiyependa kukaa, na akifurahi anachora. Alichora nyuma ya bahasha, duara ndani ya duara.

"Tazama," akasema. "Kabla yai halijatoka, ndani ya kifuko chake hamna mshipa hata mmoja. Mishipa iko nje ya ukuta, inasubiri. Yai likishatoka, ukuta unavunjika, na seli zilizobaki ndani zinaanza kuita. Zinatoa kemikali ya kuita mishipa. Siku chache tu, mahali palipokuwa pakavu panakuwa na vishipa vingi mpaka karibu kila seli imepakana na chake. Ndio unaoitwa mwili wa manjano, na ndio unaotoa homoni ya kuishika mimba changa."

"Na mimba isipoingia?"

"Wito unapungua. Kuna kemikali ya pili, kazi yake kulegeza mishipa. Wito ukiwa mkubwa, kulegea huko kunaisaidia mishipa ichipue. Wito ukishuka, kulegea kulekule kunaiua. Kila kitu kinanyauka, hedhi inakuja, mwezi ujao tunaanza tena. Mimba ikiingia, yenyewe inatuma habari kwamba msizime. Unajua ni sehemu ngapi za mwili wa mtu mzima ambako mishipa inaota kwa kasi hiyo halafu inatii? Saratani nayo inaita mishipa, lakini haijui kunyamaza. Ovari inajua."

Kisha akageuza kompyuta nione. Hesabu zangu, vidoti vimegawanyika, kundi la juu na kundi la chini, na kati yao pengo ambalo ungepitisha mkokoteni.

"Kwa hawa waliopoteza, wito unazimwa mapema. Nilihisi hivyo miaka kumi na moja. Umenionyesha wewe."

Akanikumbatia. Nilisimama kama mti wa kuanikia nguo.

Sijaandika kitu kimoja, na nisipoandika leo sitaandika. Namba za slaidi zilitakiwa zifichwe na mtu mwingine, ili anayehesabu asijue ni kipande cha nani. Karani aliyekuwa akifanya hivyo alihamishwa mwezi wa kwanza. Daktari akasema, "Ziandike wewe tu, nakuamini." Kwa hiyo kila ninapokosa kuona, najua la kuandika. Pengo lile nimelichimba mimi.

Jumatano, 25 Machi

Mume wangu alinipa sindano nimtungie uzi, mikono yake ilikuwa na grisi ya cherehani. Nilijaribu mara nne. Akaichukua bila neno, akanawa, akatunga mwenyewe.

"Mke wangu, nenda hospitali."

"Nafanya kazi hospitali."

"Unafanya kazi huko. Hujawahi kutibiwa huko."

Nikamjibu vibaya. Hata hapa sitayaandika niliyomjibu.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua, umeme umekatika, hakuna hadubini. Siku nzuri kuliko zote mwezi huu.

Ijumaa, 10 Aprili

Leo Daktari aliwaita wanawake wote waliotoa vipande, kuwaeleza kazi imefika wapi. Walikuja kumi na tisa kwa mvua ile. Ukumbi mdogo ulijaa miavuli na harufu ya nguo mbichi. Mimi na Mzee wa Rangi tulipanga viti.

Daktari alizungumza kwa tahadhari, haki yake nimpe. Alisema ni dalili za mwanzo, hazijathibitishwa, hakuna dawa. Lakini uso wake ulikuwa unasema kingine, nao walikuwa wanausikiliza uso.

Akasimama yule wa namba kumi na saba. Namfahamu. Siku ya upasuaji nilikwenda kusubiri kipande chake mlangoni, naye alikuwa bado kwenye kitanda cha magurudumu, hajalazwa usingizi, analalamikia shuka. "Hii nani kaipiga pasi? Kaipiga kwa kiwiko?" Wauguzi walicheka mpaka daktari wa usingizi akawafokea. Anafanya kazi ya kufua na kupiga pasi, na tangu siku hiyo wodini wakamwita Dobi.

Leo hakutania. Alisema, "Mimi nimepoteza nne. Ya kwanza waliniambia nilibeba ndoo. Ya pili niligombana na mume wangu. Ya tatu na ya nne mama mkwe akasema nina roho mbaya, watoto wanakataa kukaa. Sasa Daktari, nisaidie. Unachosema wewe ni kwamba sikufanya kitu?"

"Hukufanya kitu," Daktari akasema.

Dobi akakaa. Akaweka kanga usoni, na mabega yakaanza kutikisika, na mwanamke wa kulia kwake akaanza, na wa nyuma, mpaka ukumbi mzima ulikuwa unalia bila kelele. Nilitoka nikasimama koridoni.

Akanifuata. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ana kovu la pasi juu ya kidole gumba, linang'aa kama hariri. "Wameniambia wewe ndiye unayehesabu. Dada yangu, na vyangu? Vyangu vilikuwaje?"

Haturuhusiwi. Mtu haambiwi chake, anaambiwa cha kundi. Kila fundi anajua. Lakini alinitazama kama mtu anayeomba maji, na mimi nilitaka, Mungu anisamehe, kuwa yule anayempa.

"Vyako pia ni vichache," nikasema. "Hata mimi nilishangaa."

Akanibusu mkono. Slaidi zake tano, niliziona ngapi? Hakuna hata moja.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumatatu, 13 Aprili

Mzee wa Rangi ametolewa kwenye rangi. Mkuu wa maabara alisikia habari za "kupauka", akasema mzee amechoka, akapelekwa kuosha vioo mpaka atakapostaafu Desemba. Mzee aliposoma barua aliikunja, akaiweka mfuko wa shati, akasema, "Basi nitaviosha ving'ae." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikasema nimekula. Hata hilo lilikuwa uongo.

Nilikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza, na nataka ionekane hapa ilivyo. Nilijiambia: nikisema ukweli namnyang'anya Dobi faraja yake. Nilijitia kuwa namlinda yeye. Huku nikijua vizuri nani ananufaika.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimekwenda kliniki ya macho, na nilijifunika mtandio kama mwizi wa kuku nisionekane na wenzangu.

Muuguzi wa pale, mcheshi sana, alimaliza kunimulika akasema, "Hongera, mama. Una mtoto wa jicho. Tena mapacha, kulia na kushoto."

Wagonjwa kwenye foleni waliangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Halafu nikakumbuka ukumbi ule na miavuli yake, nikavuta mtandio usoni.

Daktari wa macho aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia aliacha kuandika. "Kwa hadubini? Mama, mtoto wa jicho wa aina hii hutia kila kitu manjano. Kahawia iliyofifia huwezi kuitenga na chochote. Umehesabuje?"

"Kwa mazoea," nikasema.

Jumanne, 21 Aprili

Wamelifanyia upasuaji jicho la kulia. Dakika ishirini, sikusikia maumivu, nilisikia redio. Mvua imenyesha siku nzima na mimi nimeisikia kwa sikio tu.

Alhamisi, 23 Aprili

Wamefungua bandeji. Ukuta wa chumba chetu ni mweupe! Nilidhani ni wa krimu. Nikamtazama mume wangu.

"Umeota mvi lini?"

"Ulipokuwa huoni."

Alisema kwa utani na alinikumbatia. Sikuweza kucheka.

Jumanne, 28 Aprili

Nimerudi kazini. Nilisubiri wote watoke kwenda kunywa chai, nikaweka slaidi ya kwanza ya namba kumi na saba.

Vishipa vilikuwepo.

Sijui niandikeje. Vilikuwa vimejaa. Vimesukwa kila mahali, vya kahawia safi, vinaingia kati ya seli na seli, kila moja ina chake, kama alivyochora Daktari kwenye bahasha. Hakuna mchoro wa kitabu uliowahi kunipendeza hivyo. Nilihesabu: 94. Kwenye daftari la kazi, kwa mwandiko wangu: 39.

Nikaweka ya pili. 88. Niliandika 42.

Sikuweka ya tatu. Nilizima taa ya hadubini nikakaa hapo, na Mzee wa Rangi akaingia na karai la vioo vilivyooshwa, vinang'aa kama alivyoahidi. Alinitazama uso, akatazama slaidi, akatazama daftari lililofunguka. Si mjinga. Miaka thelathini kwenye rangi.

"Haikuwa imepauka," akasema.

"Haikuwa."

Akaanza kupanga vioo rafuni, kimoja kimoja. Nilisubiri anitukane. Alipomaliza akasema, "Utamwambia mwenyewe, au unataka nikusindikize?"

Nikasema nitamwambia mwenyewe. Ikawa saa kumi. Sikumwambia.

Jumatano, 29 Aprili

Sikumwambia.

Alhamisi, 30 Aprili

Dobi amekuja. Alisimama nje ya dirisha la maabara, mvua inamdondokea, akanipungia nitoke. Nilidhani amekuja kushukuru tena, na nikauandaa uso.

"Dada," akasema, "ile habari uliyonipa, nilikwenda nikaisema nyumbani. Nilisema kwa furaha. Nikawaambia sikufanya kitu, hospitali wamehesabu, mishipa yangu ni michache."

"Na wakasemaje?"

"Mama mkwe akapiga makofi. Akamwambia mume wangu, 'Umesikia? Hospitali wenyewe wamethibitisha. Ovari zake hazina damu. Unapalilia shamba la mawe.' Zamani nilikuwa na roho mbaya, dada. Roho mbaya mtu anaweza kutubu. Sasa mimi ni mbovu. Wanamtafutia mwingine, na hawafichi, wanaongea sebuleni mimi nikiwa jikoni." Akajifuta uso, mvua au machozi sijui. "Nimekuja kuuliza, hivyo vichache ni vichache kabisa? Hakuna namna vinaweza kuongezeka? Niambie nile nini."

Niambie nile nini!

Nilikuwa na namba 94 kichwani, nilikuwa nayo siku mbili. Sababu yangu nzuri ya kunyamaza ilikuwa imesimama mbele yangu, imelowa, haina kazi tena. Na bado mdomo wangu ulisema, "Nipe siku chache, nitakuulizia kwa Daktari."

Akashukuru. Akaondoka anakwepa madimbwi.

Nimeandika haya mchana huuhuu, stoo, juu ya boksi la glavu, ili nisipate nafasi ya kuyapamba.

Jumatatu, 4 Mei

Nimesema.

Nilimkuta Daktari anapakia karatasi za mkutano, alikuwa asafiri Jumatano kwenda kuzisoma mbele ya wenzake. Niliweka daftari la kazi mezani na slaidi ya namba kumi na saba juu yake.

"Nimehesabu bila kuona," nikasema. "Tangu mwezi wa pili. Macho yangu yalikuwa yameharibika, nikaona haya kusema, nikawa naandika kutokana na kundi. Rangi ya Mzee haikuwa na kasoro yoyote. Nilimsingizia. Na namba kumi na saba nilimwambia matokeo yake, na yalikuwa ya uongo."

Nilikuwa nimeyakariri ili nisiache hata moja.

"Ngapi?" akauliza.

"Sijui."

"Sijui ngapi, Jicho?"

"Labda sitini. Kati ya mia na ishirini."

Alikaa. Sijawahi kumwona akikaa akiongea na mtu. Akachukua slaidi, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha ingawa kwa macho matupu hakionekani chochote. "Nilikuona unaviandika haraka mno," akasema. "Slaidi kumi kwa siku. Nikajiambia, ana uzoefu. Pengo lile halikuwa na hata kidoti kimoja kilichopotea njia, na mimi nimefanya kazi hii maisha yangu yote, najua mwili haukai hivyo kwa unadhifu. Lakini nililipenda." Kisha sauti yake ikabadilika. "Usidhani nakupunguzia. Wanawake wale walilia mbele yangu. Nilimwambia yule hukufanya kitu, kwa kinywa changu, nikitegemea namba zako. Toka kwanza. Nitakuita."

Nilitoka. Mzee wa Rangi alikuwa koridoni na karai lake. Nilimpigia magoti pale pale kwenye sakafu yenye maji. Akashtuka, akatazama huku na huku. "Inuka, mama, watu watadhani unaniposa."

Ndipo nilipolia.

Jumanne, 5 Mei

Daktari hakusafiri. Amewaandikia watu wa mkutano kwamba hana cha kusoma.

Jumanne, 12 Mei

Mzee amerudishwa kwenye rangi kwa barua, na barua imesema sababu, na sababu ina jina langu. Imebandikwa ubaoni karibu na ratiba ya usafi. Kila anayekuja kutazama ratiba anaisoma. Mimi nimepewa karai la vioo. Hakuna tena anayeniita Jicho. Wananiita mama, kwa heshima, na inauma zaidi.

Slaidi zote zinahesabiwa upya. Karani wa mapokezi, asiyetofautisha ovari na bandama, amezipa namba mpya na kufungia orodha kabatini. Mzee anahesabu, Daktari anahesabu, kila mtu peke yake. Mimi naosha.

Ijumaa, 22 Mei

Orodha imefunguliwa. Hakuna pengo. Kundi la wenye watoto na kundi la waliopoteza wamechanganyika kama mchele na mchele. Wapo wawili, labda watatu, ambao vishipa vyao vimepungua kweli, na mmoja wao ana watoto watano.

Daktari ameitazama muda mrefu. "Kwa hiyo sijui," akasema. Alijisemea mwenyewe. Miaka kumi na moja. Akachukua kalamu akaanza kuorodhesha cha kupima tena, kemikali zenyewe safari hii, siku kwa siku. Nikatoa ndoo kwenda kuimwaga kwa sababu ilikuwa imejaa.

Jumanne, 26 Mei

Wanawake wameitwa tena. Walikuja kumi na mmoja. Daktari alisema yote, na alipofika kwenye kosa nilisimama nikasema mimi ndiye. Mmoja alitoka akabamiza mlango. Mmoja aliuliza kama alikatwa bure. Nilisema hapana, kipande chake kipo na sasa kimehesabiwa vizuri, na jibu hilo halikumtosha, wala halikutakiwa kumtosha.

Dobi alibaki kwenye kiti mpaka wote walipotoka.

"Vyangu vingapi?"

Daktari akamtazama, akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Baada ya uongo ule alikuwa na haki ya ukweli wake.

"Tisini na moja," nikasema. "Kwa wastani. Ni vingi. Ni vya kawaida kabisa."

"Na kwa nini nilipoteza?"

"Hatujui," Daktari akasema.

"Niandikieni hivyo. Mhuri na kila kitu. Muandike hamjui, na muandike nani alikosea."

Daktari aliandika. Mstari wa mwisho niliomba niandike mwenyewe: Aliyesema vishipa vya dada huyu ni vichache ni mimi, na nilisema bila kuviona. Nikatia sahihi.

Dobi aliisoma, akanirudishia.

"Mama mkwe hasomi. Na nikimsomea mimi atasema nimetunga. Jumamosi utakuja kumsomea wewe."

Jumamosi, 30 Mei

Mvua imekwisha, au imepumzika. Nilivaa nguo aliyonishonea mume wangu. Alitaka kunisindikiza, nikamwambia hii ni yangu. Akasema, "Basi simama wima," na akaninyoosha kola.

Nyumba yao ni ya vyumba vitatu, safi, imepigwa pasi mpaka vitambaa vya makochi. Mama mkwe ni mwanamke mwembamba, mguu mmoja unamsumbua. Mume wa Dobi alikaa pembeni anatazama vidole vyake. Nilisalimia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba bila kunitazama. Dobi hakukaa. Alisimama mlangoni mwa jikoni.

Nikasoma. Nikafika kwenye mstari wangu mwenyewe, nikausoma wote.

"Rudia," bibi akasema.

Nikarudia.

"Pale penye vingi. Rudia."

"Vishipa vya dada huyu ni vingi na vya kawaida."

"Sasa yule wa mwanzo aliyesema hana, alikuwa nani?"

"Ni mimi, mama."

"Ulikuwa huoni."

"Nilikuwa sioni."

"Na ukasema unaona."

"Ndiyo."

Alinitazama basi, kwa mara ya kwanza, toka kandambili mpaka mtandio, na sikuinamisha uso, ingawa ulikuwa unawaka. Nilidhani atanifukuza. Akamgeukia mwanawe. "Na wewe? Wewe walikuhesabu nini?"

Mume wa Dobi akainua kichwa. "Mimi hawajanipima, mama."

"Hajapimwa kitu," nikasema. "Hakuna aliyewahi kumwomba."

Bibi alipapasa goti lake linalomuuma, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayehamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine, "Jumatatu mtakwenda hospitali wote wawili." Kwa Dobi hakusema neno. Hakumwomba radhi. Lakini alipotaka kuinuka alinyoosha mkono upande wa jikoni, na mkwewe baada ya kusita akaenda akamwinua.

Dobi alinitoa mpaka getini. Tulisimama, kila mmoja anasubiri mwenzake aondoke kwanza.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe."

"Najua, dada."

Akafunga geti, akaingiza komeo. Nilikwishapiga hatua tatu hivi aliposema kupitia vyuma, "Lakini umesoma vizuri. Hukuruka neno."